Risiva yangu inajizima nikiongeza sauti: ninunue amplifaya kubwa zaidi?

Swali: Shikamoo kaka. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Nimenunua risiva ya mtumba ya Japani, ile mashine yenye amplifaya ndani ya kuendeshea spika, ina chaneli 5, mbele imeandikwa wati 100 kwa kila chaneli. Nyuma imeandikwa 100 V, 230 W, na penye matundu ya kufungia spika imeandikwa 6–16 Ω. Naiwasha kwa transfoma ya kushusha umeme ya wati 300. Spika zangu mbili za mbele ni zile ndefu, omu 8, desibeli 89. Ya kati na za nyuma nimezitoa kwenye homu thieta yangu ya zamani ambayo mashine yake iliungua. Ilikuwa na vispika vitano vinavyofanana, vimeandikwa omu 3, na sabufa yake bado ninayo. Filamu ikifika kwenye vurugu na sauti nimeipandisha, risiva inajizima. Muuza duka mmoja Kariakoo ananiambia risiva ni dhaifu, nichukue amplifaya ya wati 1,000. Nina shilingi 350,000. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hela yako iache mfukoni kwanza. Kwa maelezo uliyonipa, risiva yako si dhaifu. Umeipa mzigo ambao haikutengenezwa kuubeba, nayo inajizima ili isiungue. Ukinunua hizo wati 1,000 leo ukazifunga kwenye vispika hivyohivyo, ama utarudi na tatizo lilelile, ama vispika vitaungua.

Watu wengi wakitaka kuoanisha amplifaya na spika huanza na wati, kwa sababu ndiyo namba iliyochapwa kubwa kwenye boksi. Mimi naanza na omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme, nafuata desibeli, wati nazitazama mwisho. Nitakueleza kwa mpangilio huo, kwa vifaa ulivyonavyo wewe.

Tuseme chaneli moja ya risiva inatoa volti 20. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, na nguvu inayoingia humo ni wati 50. Sasa itoe, weka kispika cha omu 3 palepale bila kugusa kitufe cha sauti. Volti ni zilezile 20, lakini mkondo unaruka hadi karibu ampea 6.7 na nguvu inafika wati 133. Mkondo huo wote unapita kwenye transista za kutolea sauti, na joto lake linabaki ndani ya risiva. Wewe umefunga vispika vitatu vya aina hiyo kwa mpigo, kimoja kikiwa cha kati, ambacho ndicho kinachofanya kazi kubwa kwenye filamu kwa sababu mazungumzo karibu yote yanatokea hapo. Mtengenezaji aliandika 6–16 Ω nyuma ya risiva kwa sababu hii hasa.

Utajiuliza mbona mashine ya zamani ilivimudu. Seti zile zinazouzwa boksi moja, mashine na spika zake pamoja, ndani hutumia volti ndogo. Kwa volti ndogo, njia ya kupata wati nyingi ni kushusha omu, basi wakatengeneza spika za omu 3 au 4 zinazoelewana na mashine ile tu. Mashine ikifa, spika zinabaki yatima, na karibu kila mtu hufanya ulivyofanya wewe: anazihamishia kwenye risiva ya kawaida.

Kabla hujabadilisha chochote, hakikisha. Zima risiva, chomoa vispika vyote vya omu 3, acha zile ndefu mbili za mbele. Ingia kwenye menyu uiambie risiva kwamba spika ya kati na za nyuma hazipo, kisha cheza kipande kilekile cha filamu kwa sauti ileile. Ikimaliza bila kujizima, jibu umelipata. Ikijizima tena, geuza risiva nyuma uangalie waya kwa tochi. Unywele mmoja wa shaba uliochomoza kwenye waya chanya ukagusa hasi unatosha kuiingiza risiva kwenye proteksheni, yaani ijizime kujikinga, na ukiwa mwembamba hauonekani kwa jicho la haraka. Sokota ncha za waya vizuri, au zipake risasi ya kulehemu kidogo. Angalia pia kama juu ya risiva hujaweka king'amuzi au kitambaa cha kufumwa. Matundu yale ya juu ndiyo pumzi yake.

Kama una multimita, pima na omu zenyewe. Usishtuke spika ya omu 8 ikisoma 6 au hata 5.5, kwa sababu multimita inapima waya wa koili, ule uliosokotwa ndani ya spika, peke yake, wakati namba iliyoandikwa inahusu spika ikiwa inapiga, na yenyewe hupanda na kushuka kulingana na mlio. Ya omu 4 husoma 3 na ushee. Ikisoma chini ya nusu ya namba iliyoandikwa, koili ina hitilafu, usiifunge popote.

Sasa dawa, ambayo haikugharimu zaidi ya waya. Una vispika vitano vinavyofanana. Chukua vinne, vifunge viwili viwili kwa mfuatano: chanya ya risiva iende chanya ya kispika cha kwanza, hasi ya kispika cha kwanza iende chanya ya cha pili, hasi ya cha pili irudi risiva. Omu 3 na omu 3 zinakuwa 6, na hapo umeingia ndani ya kiwango kilichoandikwa nyuma ya risiva. Jozi moja ni ya kulia, nyingine ya kushoto. Upande mmoja, kispika kimoja kikae ukutani ubavuni mwako na cha pili nyuma kidogo, vyote juu ya usawa wa masikio. Utashangaa jinsi sauti ya mvua au ya umati wa watu inavyokuzunguka vizuri kuliko ilivyokuwa na kimoja kimoja. Hili ni kwa spika zinazofanana tu. Ukichanganya aina mbili kwa mfuatano, kila moja itachukua mgao wake wa volti kulingana na mlio, na sauti itapinda.

Cha tano kiweke akiba. Najua unatamani kukitumia katikati, lakini kina omu 3 na sauti yake haifanani na za zile ndefu za mbele. Mtu kwenye filamu akitembea kutoka kushoto kwenda kulia utamsikia anabadilika sauti njiani. Acha menyu ikisema spika ya kati haipo. Risiva itagawa mazungumzo sawasawa kwa spika mbili za mbele, na ukikaa katikati utayasikia yakitoka kwenye runinga. Kwangu mimi hiyo ni bora mara nyingi kuliko spika ya kati isiyofanana na wenzake.

Tuje kwenye desibeli, namba ambayo wauzaji wachache huitaja ingawa ndiyo inayookoa pesa. Spika zako za mbele ni za desibeli 89. Maana yake ukizipa wati 1 na kupima umbali wa mita 1, utapata desibeli 89. Ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima wati ziwe mara mbili. Ukitaka kuongeza desibeli 10, kiasi ambacho sikio linahisi sauti imekuwa maradufu, wati lazima ziwe mara 10. Kwa hiyo anayeacha amplifaya ya wati 50 na kununua ya wati 100 amenunua desibeli 3 tu, tofauti ambayo wageni wako sebuleni hawatainua vichwa kuisikia.

Piga hesabu ya sebule yako. Ukikaa kama mita 3 kutoka kwenye spika unapoteza desibeli 6 hadi 9, kutegemea kuta na vitu vilivyomo. Spika mbili zikipiga pamoja zinakurudishia 3. Tuseme wati 1 kwa kila spika inakufikia ikiwa desibeli 84. Kwenye kumbi za sinema, mitambo hupangwa ili milio mikubwa ya ghafla ya spika kuu iweze kufika desibeli 105. Nyumbani hakuna anayevumilia hivyo kwa saa mbili. Milio ya ghafla ya desibeli 95 tayari majirani wa Tabata wanajua unaangalia nini. Kutoka 84 hadi 95 ni desibeli 11, yaani wati 12 au 13 kwa kila spika. Risiva yako inazo na nyingine zinabaki. Lakini spika zako zingekuwa za desibeli 83, sauti ileile ingedai wati 50. Spika yenye desibeli 6 zaidi imekufanyia kazi ya amplifaya yenye nguvu mara nne, na haikuongezi bili ya umeme hata senti.

Nguvu inayobaki bila kutumika ina faida yake, nami nataka ulielewe hili vizuri kwa sababu ndilo linaloua spika nyingi mitaani. Watu huogopa amplifaya kubwa kwenye spika ndogo. Spika nyingi zilizoungua twita (kile kispika kidogo cha milio ya juu) ninazoletewa ziliuawa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Amplifaya ina ukomo wa volti. Ukiisukuma kupita ukomo huo, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, vinakuwa bapa. Wimbi lililokatwa hivyo hadi likawa mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kilele kilekile, kwa hiyo amplifaya ya wati 50 inaweza kumwaga hadi wati 100. Si hilo tu. Mlio wa besi uliokatwa huzaa milio mingi ya juu ambayo haikuwamo kwenye muziki, nayo krosova, sehemu inayogawa milio ya juu na ya chini, inaipeleka moja kwa moja kwa twita, ambayo koili yake ni nyembamba sana na imezoea wati chache. Sauti huanza kukwaruza na kuumiza masikio. Wengi hapo wanaongeza treble au besi ili "isikike vizuri," na dakika chache baadaye twita imenyamaza. Ukisikia mkwaruzo, rudisha sauti chini hapohapo. Amplifaya ya wati 100 za kweli kwenye spika ya wati 60, mikononi mwa mtu mwenye masikio, ina usalama kuliko ya wati 20 iliyokabwa koo.

Wati za kweli utazijuaje dukani? Neno PMPO, yaani wati za kilele za kutangazia biashara, ukiliona, namba iliyo mbele yake ipuuze yote. Hakuna kanuni yoyote inayoisimamia. Geuza mashine uangalie bamba la nyuma. Kifaa kinachosema kinatumia umeme wa wati 60 hakiwezi kutoa wati 1,000 za sauti, hata kiandikwe kwa dhahabu. Kwa vile vinavyotumia volti ndogo, kama redio za gari au bodi ndogo za adapta, kuna hesabu ya haraka: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu mara mbili. Redio ya gari ya volti 14.4 kwenye spika ya omu 4: 14.4 mara 14.4 ni 207, gawanya kwa 8, unapata wati 26 safi kwa chaneli. Kava lake limeandikwa 4×50. Bodi ya adapta ya volti 24 kwenye omu 4 haivuki wati 72 safi, hata tangazo liseme 200.

Risiva yako nayo haijasalimika. Wati 100 mara chaneli 5 ni 500, na bamba la nyuma linasema 230. Namba ya bamba hupimwa kwa matumizi ya wastani, si kwa nguvu zote, kwa hiyo si lazima pawe na ulaghai. Lakini jua kwamba ile 100 huenda ilipimwa chaneli moja ikifanya kazi peke yake, kwa mlio mmoja, kwa omu 6, sauti ikiwa tayari imeanza kuharibika. Marekani waliweka kanuni mwaka 1974 ya kuwalazimisha watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutaja omu, upana wa milio na kiwango cha uharibifu wa sauti kila wanapotangaza wati, kwa sababu ya vurugu hizihizi. Ukikuta karatasi inayosema kitu kama "omu 8, hezi 20 hadi 20,000, asilimia 0.08," hata ikiwa ni wati 60 tu, iamini kuliko 200 isiyo na maelezo.

Transfoma yako sasa. Wati 300 kwa risiva ya 230 zinabana. Kwenye vurugu ya filamu risiva huvuta kuliko bamba linavyosema, transfoma inalemewa, volti zinashuka chini ya 100, na amplifaya inakata mawimbi mapema kuliko ilivyostahili. Tafuta ya 500 VA (kwa transfoma, VA ichukulie kama wati) au zaidi, nzito, yenye chuma kingi. Transfoma nyepesi iliyoandikwa namba kubwa haijabeba hiyo namba. Upande wa hezi (Hz) za umeme huna shida kama bamba linasema 50/60 Hz, maana Japani yenyewe ina mikoa ya 50 na ya 60. Ungekuwa na ya Marekani iliyoandikwa 120 V, 60 Hz pekee ningekuonya, kwa sababu transfoma yake ya ndani kwenye 50 Hz yetu hupata joto zaidi na huweza kunguruma. Mtumba wa Uingereza unachomeka ukutani moja kwa moja. Na usije ukamruhusu mtu yeyote nyumbani achomeke hiyo ya Japani bila transfoma. Andika kwa marka nyekundu kwenye plagi yake.

Besi ndipo pesa yako itakapofanya kazi. Sabufa ya homu thieta ya zamani haina amplifaya ndani yake, na risiva yako, kama risiva nyingi, haitoi nguvu ya kuiendesha. Tundu lake la SUBWOOFER PRE OUT linatoa ishara ndogo tu. Njia ninayoipendekeza ni hii: tafuta ile seti inayouzwa kila duka kwa jina la sabufa, yenye boksi kubwa lenye amplifaya yake na vispika viwili pembeni, ya mtumba au hata ambayo vispika vyake vimekufa. Chomeka waya wa RCA, ule wa sauti wenye pini moja katikati, kutoka tundu hilo la risiva hadi tundu la kuingizia sauti la boksi kubwa, vispika vyake usivifunge kabisa. Umepata sabufa inayojitegemea kwa bei ya chini. Besi zake nyingi huvuma kupita kiasi, basi kitufe chake cha besi kiweke chini ya nusu, na boksi lisikae kwenye kona. Njia ya pili ni kununua bodi ndogo ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116 na adapta ya volti 24 ili uendeshe sabufa uliyonayo. Inafanya kazi, ila inataka mkono wa fundi: kwenye bodi hizo waya hasi wa spika si waya wa ardhi, ukiuunganisha na chuma chochote au na hasi ya chaneli nyingine utaiua bodi.

Sabufa ikishaingia, rudi kwenye menyu ya risiva. Spika zote, hata zile ndefu, ziandike kuwa "ndogo," na krosova, yaani mpaka ambapo milio ya chini inahamia kwenye sabufa, weka hezi 80 kwa za mbele, hezi 120 au 150 kwa vispika vya nyuma. Kama menyu inakubali namba moja tu kwa zote, weka 120. Hapo milio ya chini, ambayo ndiyo inayokula umeme mwingi, inahamia kwenye boksi lenye amplifaya yake, na risiva yako inapumua. Wanaoona fahari kuandika spika zao "kubwa" wananyima risiva nafuu hiyo.

Waya usikuumize kichwa. Waya wa umeme wa nyuzi mbili wa milimita za mraba 1.5, wa shaba halisi, unatosha hadi mita 10 kwa omu 8. Kwa zile jozi za nyuma za omu 6, kama mita zinazidi hapo, chukua 2.5. Kwangua kidogo kabla ya kununua. Ikitokea rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ina ukinzani mkubwa zaidi na hukatika kwenye skrubu. Chanya na hasi zilingane kila mahali. Ukiwa na shaka na spika, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, upande ulioshika chanya ya betri ndio chanya.

Kwa hiyo shilingi 350,000 zigawe hivi: kwanza transfoma, kisha boksi la besi, kisha waya. Kinachobaki kiweke kwa ajili ya spika ya kati, ya omu 6 au 8, desibeli 87 hadi 90, ikiwezekana ya kampuni ileile iliyotengeneza spika zako za mbele, maana twita zao huwa na sauti moja. Usiichukue kwa haraka. Ukienda kuitazama beba multimita, na beba kwenye simu filamu unayoijua yenye mazungumzo ya mwanamke na ya mwanamume. Muombe muuzaji aicheze kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na wewe mezani, kwa sababu dukani kwa sauti ya juu kila spika inaonekana nzuri.

Ukishamaliza kufunga, pandisha sauti kidogo kidogo, na baada ya nusu saa weka kiganja juu ya risiva. Ikiwa ya moto kiasi cha kuweza kuacha kiganja hapo, endelea na filamu. Ikikulazimisha kuondoa mkono, niandikie tena ukitaja kila spika ilivyosoma kwenye multimita.